Migongo Mitatu

Mara ya kwanza kuiona Waokota Masazo, chapa ya Mfaransa Jean-François Millet, niliangalia migongo, si nyuso. Wanawake wawili wameinama mpaka mikono inagusa mabua. Wa tatu ameinama nusu tu. Mgongo huo wa nusu naujua. Utotoni Pemba, msimu wa karafuu, tuliokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka, chini ya mikarafuu, na bibi yangu hakuwa akisimama wima: aliinuka kidogo, akashika kiuno, akarudi chini.

Chapa hiyo ya 1855–56 ni ndogo, inaenea juu ya daftari lililofunguliwa. Millet alilipaka nta bamba la shaba, akachora juu ya nta kwa sindano. Shaba yenyewe huliwa na asidi, pale tu sindano ilipoondoa nta. Kisha bamba hupakwa wino na kufutwa, wino ubaki ndani ya mistari. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, vyote vikagandamizwa kwa mashine. Picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto, kwa hiyo mchoraji hana budi kufikiri kinyume.

Itazame kwa karibu. Sketi za wanawake ni mistari mizito iliyosongamana. Kule nyuma, kwenye marundo ya ngano na kundi la wavunaji, mistari ni myembamba, karibu ipotee kwenye mwanga. Mavuno yenyewe, yaani mali, yako huko mbali. Hawa watatu si wavunaji. Ni maskini ambao sheria ya Ufaransa iliwaruhusu kuokota yaliyosazwa, mchana tu, shamba likishaondolewa mavuno. Nasi tulingoja wachumaji wamalize mti.

Millet aliijua kazi hiyo. Alizaliwa 1814 kijijini Gruchy, Normandy, akalima shamba la baba yake kabla ya kuwa mchoraji. 1849 akahamia kijiji cha Barbizon. Picha ya rangi ya wanawake haohao, yenye upana wa zaidi ya mita moja, aliionesha Paris mwaka 1857. Baadhi ya wakosoaji walikasirika. Maskini wakubwa kiasi hicho, miaka michache tu baada ya mapinduzi ya 1848 nchini Ufaransa, waliwatia hofu.

Mimi naipenda zaidi ile ndogo. Mwanamke mmoja ameuweka mkono mgongoni, ameshika masuke aliyokwisha kuyapata. Bibi yeye alifungia mpeta wake kwenye pembe ya kanga.