Wiski na Gongo

Sogeeni karibu na redio, na mwenye karatasi hii aifuate kwa kidole, mstari kwa mstari. Leo twasoma habari za wiski. Labda mzee mmoja hapo Vwawa atauliza, "Wiski ni ya Wazungu, yatuhusu nini sisi?" Subiri kidogo, mzee wangu. Wiski ina ndugu yake hapa kwetu, nawe wamjua.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mama anayetengeneza pombe ya ulezi huloweka nafaka, huiacha ichipue, kisha huianika na kuisaga. Hicho ndicho kimea. Kimea hugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na hamira huila sukari ile ikatoa kileo. Hapo pombe imechacha. Watu wa Scotland hufanya vivyo hivyo kwa nafaka iitwayo shayiri. Mpaka hapo mtungi wetu na pipa lao havina tofauti kubwa.

Sasa yaja kazi ya moto. Maji huchemka kwa joto la digrii 100, lakini kileo huchemka kwa digrii 78. (Hizo ni hesabu za pwani, kwetu milimani hupungua kidogo.) Basi pombe ikipashwa moto taratibu, mvuke unaotangulia huwa na kileo kingi. Mvuke huo ukipita katika bomba lililopozwa kwa maji baridi, hugeuka kuwa kinywaji kikali, kikatona tone moja moja. Hiyo ndiyo njia ya wiski. Ndiyo pia njia ya gongo, ambayo ng'ambo ya mpaka, Zambia na Malawi, huitwa kachasu, na Kenya huitwa chang'aa.

Maandishi ya serikali ya Scotland ya mwaka 1494 yamtaja mtawa John Cor, aliyepewa kimea ili atengeneze kinywaji hicho. Baadaye wakulima walikipika kwa siri mabondeni, wakiwakimbia watoza ushuru, kama wapikaji wa gongo wanavyomkimbia askari. Sheria ya mwaka 1823 ilifanya leseni iwe rahisi kupatikana, na mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akakata yake. Jirani zake waliopika kwa siri walimchukia mno, hata akawa akitembea na bastola mbili! Tanzania nayo ilitunga sheria ya kinywaji hiki mwaka 1966, ikakiita moshi. Asiye na leseni haruhusiwi kukipika.

Wiski ikitoka bombani ni nyeupe kama maji. Rangi ya kahawia huipata katika mapipa ya mti wa mwaloni, na Scotland sheria yataka ikae humo miaka 3 au zaidi. Wengine huongeza rangi ya sukari iliyounguzwa. Ziko wiski za kimea cha shayiri peke yake, na ziko zilizochanganywa na wiski za nafaka nyingine. Wamarekani wana yao iitwayo bourbon. Nafaka yake, sehemu 51 au zaidi katika kila 100, sharti iwe mahindi, mahindi kama yale ya Mbozi.

Basi rangi haikuambii kitu. Mdanganyifu aweza kutia rangi katika kileo chochote, akakijaza katika chupa nzuri. Hatari kubwa ni methanoli, kileo cha viwandani kisichonyweka. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, huko Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Huwezi kuitambua kwa jicho, pua wala ulimi. Wako wanaowasha kiberiti ili kuipima. Usiamini kipimo hicho. Mtu aliyekunywa jana, leo akatapika, akaumwa tumbo au akaona ukungu machoni, mpelekeni hospitali upesi. Msiseme "ni uchovu wa pombe, mwacheni alale."

Tunduma ni mji wa mpakani, na chupa hutoka kila upande. Hapo kusoma kwako kwatakiwa. Tazama chupa. Jina la kiwanda limeandikwa? Maneno yana makosa? Kifuniko kimefunguliwa? Stempu ya kodi ipo? Alama hizi nazo zaweza kughushiwa, lakini chupa isiyo nazo iache dukani.

Sasa kalamu. Andika: 40%. Isome: asilimia arobaini. Maana yake, katika kila sehemu 100 za kinywaji, 40 ni kileo. Wiski ya Scotland hairuhusiwi kupungua hapo. Andika tena maneno haya: kimea, mvuke, leseni, stempu. Mwenye chupa tupu nyumbani, ya bia au ya soda, aioshe aje nayo darasani, tusome karatasi yake pamoja.