Mikabala ya Kushughulikia Hitilafu katika Programu za Kompyuta: Mfano wa Muamala wa Simu katika Kata ya Sapiwi, Bariadi

Makala haya yanafafanua mikabala mitatu ya kushughulikia hitilafu zinazojitokeza programu inapotekelezwa, na kubainisha hali moja ambayo mikabala hiyo pekee haiitoshelezi. Mfano unaotumika ni wa malipo kwa simu katika kata ya Sapiwi, mkoani Simiyu, eneo la wakulima wa pamba. Ichukuliwe kwamba mkulima analipa shilingi 50,000 kwa duka la pembejeo mjini Bariadi. Ombi linaifikia seva, lakini mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi.

Mkabala wa kwanza, uliozoeleka katika lugha ya C, ni kurejesha namba ya hali: aghalabu sifuri kazi inapofanikiwa, na namba nyingine inaposhindikana. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi wa programu akisahau kuikagua namba hiyo, programu huendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Mkabala wa pili ni kurusha hitilafu. John B. Goodenough aliuchambua kwa kina mwaka 1975, na lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, iliueneza. Hitilafu inaporushwa, utekelezaji wa kawaida hukatizwa hadi ipatikane sehemu iliyoandaliwa kuidaka. Kwa baadhi ya hitilafu, kompaila ya Java hudai zidakwe au zitangazwe. Hata hivyo, wapo wanaozidaka bila kuchukua hatua yoyote, ilimradi kompaila iridhike.

Mkabala wa tatu huichukulia hitilafu kuwa thamani ya kawaida, kama katika lugha za Go na Rust. Katika Rust, matokeo huwa na nafasi mbili, mafanikio au hitilafu, na thamani iliyokusudiwa haipatikani kabla ya kuamua hitilafu itashughulikiwaje.

Mikabala hii hutofautiana katika namna inavyomkumbusha mwandishi wajibu wake, lakini yote inaweza kuupotosha muamala wa Sapiwi. Kukosekana kwa jibu si ushahidi kwamba fedha hazikwenda. Programu ikiuhesabu ukimya kuwa ni kushindwa na kutuma ombi jipya, mkulima anaweza kukatwa shilingi 100,000. Ikiuhesabu kuwa ni mafanikio, muuzaji anaweza kutoa mbegu asizolipwa.

Kwa hiyo, programu ya malipo inahitaji hali ya tatu: matokeo yasiyojulikana. Kabla ya kutuma ombi, programu iuundie muamala namba ya kumbukumbu ya pekee na kuihifadhi. Mtandao ukirejea, iulize kwa namba hiyohiyo; nayo seva, ikikuta muamala umekwisha kukamilika, irejeshe jibu la awali bila kukata fedha upya. Wakati huo wote, mkulima aelezwe kwamba muamala unahakikiwa na asitume tena.

Ubora wa mkabala wowote, basi, haupimwi kwa lugha iliyotumika tu, bali pia kwa ukweli wa taarifa inayomfikia mwenye fedha pale mambo yanapokwama.