Somo Likae Mkononi Mwako

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea juu ya kozi za intaneti: namna ya kuzihifadhi na kuzigawa, ili mtu asome hata kama hana bando wala paswadi.

Nianze na yaliyonikuta. Nilisoma kozi fupi pale Jinja. Masomo yote yalikuwa kwenye mfumo mmoja wa intaneti, unaingia kwa jina na paswadi. Sikuandika mengi, nilisema nitarudia nikifika nyumbani. Kufika kambini, kozi imefungwa, paswadi imekataliwa. Dada mmoja tuliyesoma naye, mkaaji wa Mbale, alikuwa amemwomba mwalimu ruhusa akanakili masomo kwenye memori kadi. Nilipomtembelea, nilikuta majirani watano wanasikiliza somo kwenye simu moja. Mimi niliyemaliza kozi ileile sikuwa na cha kumfundisha mtu.

(MUZIKI MFUPI)

Tena tatizo si paswadi tu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Kilichokuwa ndani ya simu ndicho kilichosomeka. Akiba haiozi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, omba ruhusa. Kuna masomo ambayo wenyewe wameruhusu yagawiwe bure, kama makala za Wikipedia. Mengine yana mwenyewe, muulize.

Pili, katakata kozi. Somo moja, faili moja. Sauti ni nyepesi kuliko video: sauti ya dakika 10 ikipunguzwa vizuri inakula kama MB 2 na nusu. Memori kadi ya GB 4 inabeba masomo kama hayo zaidi ya 1,000. Maandishi na picha weka kwenye PDF.

Tatu, andika namba na tarehe kwenye jina la faili: Somo la 1, Somo la 2. Somo likirekebishwa, watu watajua lipi ni la zamani walifute.

Nne, gawa kwa njia iliyopo: memori kadi, Bluetooth au WhatsApp. Kama kituo chenu kina kompyuta, kuna programu ya bure inaitwa Kolibri. Masomo yanakaa kwenye kompyuta hiyo, simu zilizo karibu zinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya pale pale, bila kula MB hata moja. Ukienda mbali, inakatika.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Mama mmoja ameuliza: "Mwanangu, nikisoma hivyo, nani atajua kwamba nimesoma?"

Mama, swali lako ni zito. Ule mfumo ndio unaotunza alama na kutoa cheti. Memori kadi haifanyi hivyo. Kwa hiyo kikundi kiwe na daftari: jina, somo, tarehe, na majibu ya maswali. Mwalimu au kiongozi atie sahihi. Daftari si cheti, lakini siku ya mtihani utajua umefika wapi. Na kama unataka cheti, uliza kabla ya kuanza kinapatikanaje.

Msikilizaji, kama una kozi iliyo wazi leo, usingoje. Omba ruhusa, nakili, kisha mpe jirani. Mimi nilichelewa, wewe usichelewe.

Tukutane kipindi kijacho. Kwaheri.

(MUZIKI WA KUFUNGA)