Mashine za kufyonza vumbi: Tazama kichujio kabla ya wati

WANUNUZI wa mashine za kufyonza vumbi wanashauriwa kuchunguza kichujio na vichwa vyake kabla ya kuvutiwa na idadi ya wati, hasa katika nyumba yenye mgonjwa wa pumu au mwenye mzio wa vumbi.

Wati, ambazo huandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi, hueleza umeme unaoliwa na mota, si nguvu ya kufyonza. Umoja wa Ulaya ulizuia mashine mpya za kawaida za majumbani za wati 1,600 au zaidi kuingizwa sokoni kuanzia Septemba 2014, na za wati 900 au zaidi kuanzia Septemba 2017. Mazulia ya huko yanaendelea kusafishwa.

Adui mkubwa ndani ya vumbi ni utitiri, vidudu visivyofika nusu milimita ambavyo hula magamba ya ngozi ya binadamu na kustawi penye unyevu, kama ilivyo katika miji ya Pwani. Kinyesi cha vidudu hivyo ndicho hasa huamsha mzio.

Mashine yenye kichujio hafifu huvuta vumbi mbele na kupuliza chembe ndogo nyuma. Kichujio cha HEPA kwa kipimo cha Marekani hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Hata hivyo, maneno "aina ya HEPA" si uthibitisho. Mnunuzi aulize daraja, kwa mfano H13 kwa kipimo cha Ulaya, na akague raba za maungio, kwani hewa inayovuja haipiti kwenye kichujio.

Mashine za mfuko humfaa zaidi mwenye mzio, kwa kuwa mfuko hutupwa ukiwa umefungwa. Zile za kikombe hazina gharama ya mifuko, lakini vumbi hutimka wakati wa kumwaga. Kabla ya kulipa, mteja ahakikishe mifuko na vichujio vya akiba vya mashine hiyo vinapatikana mjini.

Kuhusu vitambaa, kichwa chenye brashi inayozunguka hufaa zulia la nyuzi fupi zilizokatwa. Kisitumike kwenye zulia la hariri, lenye vitanzi au matamvua, wala kwenye mkeka, kwani huvuta nyuzi. Makochi na magodoro huhitaji kichwa kidogo kipana, mapazia brashi laini, na mishono ya makochi mdomo mwembamba.

Mashine za mitumba zina mtego wake. Ya soko la Marekani hutumia volti 120 na ya Japani volti 100, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Bila transfoma inayomudu wati zake, mota huungua, na bei ya transfoma huweza kumaliza nafuu yote.

Mashine peke yake haitoshi, kwani utitiri ulio hai hung'ang'ania nyuzi. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, na mgonjwa akae nje ya chumba wakati wa kusafisha. Pale ambapo fedha ni chache, kuondoa zulia chumbani mwa mgonjwa na kupiga deki sakafu ni nafuu kuliko mashine yoyote.