Plastiki isiyofika Buhongwa huishia ziwani

WAFANYABIASHARA wa samaki Mwanza hufuatilia kila siku bei ya sangara, mafuta na barafu. Ni wachache wanaofuatilia safari ya taka, ingawa hasara yake yaweza kuwafikia sokoni.

Taka za Jiji hupelekwa dampo la Buhongwa, kusini mwa mji. Tatizo ni zile zisizofika huko: zinazobaki sokoni, vituo vya mabasi na katika makazi ya vilimani ambako gari la taka halipandi. Mvua ikinyesha, maji huzisomba hadi mitaroni, kisha mito kama Mirongo, unaokatiza mjini, huzimwaga Ziwa Victoria.

Hata hivyo, si plastiki zote zinazosafiri. Chupa za maji na soda hununuliwa kwa kilo, hivyo waokotaji huziwahi. Vifungashio vyembamba ni vyepesi na vichafu. Mtu aweza kuokota siku nzima asipate kilo za maana. Kwa lugha ya soko, kinachofika ziwani ni kile kisicho na bei. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilipunguza mzigo, lakini vifungashio vya bidhaa za viwandani viliruhusiwa kuendelea.

Ziwa lenyewe, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, lina mlango mmoja tu wa kutokea: Mto Nile, huko Jinja, Uganda. Maji yake mengi hupotea kwa mvuke, na mvuke haubebi plastiki. Kinachobaki huvunjwavunjwa na jua na mawimbi hadi samaki wakakimeza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa soko la Mwanza. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Kweli, matumbo hutolewa kabla ya minofu kusafirishwa. Lakini mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, na wenye viwanda na wavuvi wakaumia pamoja.

Kwa hiyo, kusafisha mitaro Septemba, kabla ya vuli, ni nafuu kuliko kumtafuta mnunuzi aliyekimbia. Na mwekezaji atakayeipa plastiki nyembamba bei ya kilo ndiye atakayeizuia isiondoke nchi kavu.