Kilombero Upi, Kilombero Ipi: Jina Moja na Wenye Jina Wengi

1. Utangulizi

Msemaji akitamka mjini Ifakara sentensi "Kilombero umepanda", msikilizaji hana budi kutazama mahali aliposimama msemaji huyo. Akiwa sokoni mbele ya magunia, kilichopanda ni bei ya mchele. Akiwa ametoka ukingoni wakati wa masika, kilichopanda ni maji ya mto. Sentensi ni ile ile, kiambishi cha upatanisho ni kile kile, jina ni lile lile. Wenye jina ni wawili.

Wala hawaishii wawili. Kilombero ni mto unaoungana na Luwegu na kufanya mto Rufiji. Ni bonde lililolala chini ya milima ya Udzungwa. Ni wilaya ya Mkoa wa Morogoro na ni jimbo la uchaguzi. Ni kampuni ya sukari, ni aina ya mchele, ni soko katika jiji la Arusha. Ni ndege wa jamii ya kwera, ambaye wanasayansi walimpa jina la Ploceus burnieri mwaka 1990. Hata kivuko kilichokuwa kikivusha watu kati ya Ifakara na Ulanga kiliitwa MV Kilombero.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kushirikiana jina kwa namna hii si kasoro ya lugha. Sarufi ya Kiswahili inazo njia zake za kumtambulisha mwenye jina, na wasemaji huzitumia kila siku bila kufundishwa. Kasoro huanza pale maandishi, yaani ramani, faharasa, tangazo au ripoti, yanapolinyang'anya jina njia hizo na kuliacha tupu.

2. Mzizi mmoja, viambishi vingi

Lugha za Kibantu zilikuwa na dawa ya tatizo hili tangu kale. Wenyeji wa bonde hili ni pamoja na Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kipogoro ni G51, Kindamba ni G52, Kibena ni G63, na Kimbunga ni P15. Yaani bonde moja limebeba lugha za kanda mbili. Pamoja na tofauti hizo, mfumo wa kuyataja makundi haya kwa Kiswahili ni mmoja. Mzizi wa jina hubaki, kiambishi awali hubadilika: Mbena ni mtu, Wabena ni watu, Kibena ni lugha na mila, Ubena ni nchi. Hakuna anayechanganya nchi na mwenyeji wake, kwa sababu kila mmoja amevikwa vazi la ngeli yake.

Hapa Kiswahili kinatofautiana na lugha nyingi ambamo jina la mahali, la ukoo na la kituo cha reli huandikwa kwa umbo moja. Mfano wa Japani unafaa kutajwa. Date lilikuwa jina la wilaya ya kale kaskazini mwa nchi hiyo. Ukoo mashuhuri wa watawala ukalichukua jina hilo. Na kuanzia mwaka 1870 watu wa tawi moja la ukoo huo walihamia kisiwa cha Hokkaido na kuanzisha makazi ambayo leo ni mji wa Date. Mwaka 2006 mji mwingine wa Date uliundwa huko Fukushima, chimbuko la ukoo. Mahali palizaa jina la watu, na watu wakazaa jina la mahali pengine, bila umbo la jina kubadilika hata kidogo.

Majina makuu ya bonde yanafanana na hayo ya Japani kuliko yanavyofanana na Ubena. Kilombero lina silabi ki- mwanzoni, lakini silabi hiyo imeganda: hakuna Walombero wala Ulombero. Ulanga linaanza kwa u- kama jina la nchi, lakini hakuna kabila la Walanga wala lugha ya Kilanga. Ifakara halina kiambishi ambacho Kiswahili kinaweza kukivua. Majina kama haya hayawezi kujieleza kwa kubadili vazi la mbele. Lazima yasaidiwe kutoka nje.

3. Upatanisho unavyomtaja mwenye jina

Msaada wa kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Jina la pekee hukopa ngeli ya nomino ya jumla ambayo msemaji anayo akilini hata asipoitamka. Anayesema "Kilombero umefurika" anafikiria mto. Anayesema "Kilombero limefurika" anafikiria bonde, na habari yake ni nzito zaidi. "Kilombero imepata mkuu mpya" ni wilaya. "Kilombero kimeanza kusaga miwa" ni kiwanda. "Kilombero ameonekana kwenye matete" ni ndege. "Kilombero kuna mvua" ni mahali, kwa upatanisho wa ngeli za mahali. Katika mifano hii sita jina halikubadilika hata herufi moja, na kila mwenye jina ametajwa waziwazi na silabi moja ya kitenzi.

Msaada wa pili ni kiambishi tamati -ni. Katika Wilaya ya Kilombero kuna kijiji kiitwacho Mbingu, ambacho pia ni stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mgeni hucheka asikiapo kwamba treni imefika Mbingu. Mwenyeji hachanganyikiwi, maana jina la pekee la mahali halipokei -ni: aliyeshuka kwenye treni amekwenda Mbingu, na aliyefariki amekwenda mbinguni. Kinyume chake, majina kama Kibaoni na Kivukoni yamezaliwa na -ni ndani yake, kwa kuwa yalianza kama maelezo ya kawaida: penye kibao, penye kivuko. Ndiyo maana yanarudiwa nchini. Ifakara ina Kibaoni yake, na miji mingine ina zao. Ng'ambo ya mto Kilombero kuna Kivukoni, na Dar es Salaam kuna Kivukoni nyingine.

Msaada wa tatu ni kuongeza jina la pili. Katika upande wa kusini wa bonde kuna Kilosa kwa Mpepo, nyongeza inayoitenga na mji wa Kilosa ulioko kaskazini mwa mkoa huo huo. Jina Utengule hukutwa katika bonde la Kilombero, Usangu, na karibu na Mbeya. Kwa hiyo watu husema Utengule Usangu na Utengule Usongwe. Wajapani nao huongeza jina la jimbo la kale, kama Yamato-Kōriyama ya Nara, isije ikadhaniwa kuwa Kōriyama ya Fukushima.

4. Majina yanayosafiri

Jina likikaa mahali pake, misaada hii hutosha. Taabu huja linaposafiri.

Kampuni ya Sukari ya Kilombero ni mfano ulio karibu. Mashamba yake yako pande mbili za mto Ruaha Mkuu, si kando ya mto Kilombero. Msolwa iko Wilaya ya Kilombero, na Ruembe iko Wilaya ya Kilosa. Kwa hiyo sehemu ya "Kilombero" iliyoandikwa kwenye mfuko wa sukari hutoka nje ya wilaya ya Kilombero. Hapo jina limeacha kutaja mahali, limekuwa alama ya biashara.

Mchele umekwenda mbali zaidi. Huko Karonga, kaskazini mwa Malawi, wakulima hulima mpunga uitwao Kilombero, na mchele wake huuzwa hadi Scotland kwa jina hilo hilo. Mnunuzi wa huko hujua Kilombero kuwa ni mchele wa Malawi. Vivyo hivyo, tangu yalipopatikana mawe makubwa ya spineli huko Ipanko mwaka 2007, jina la Mahenge limekuwa likitumiwa na wafanyabiashara wa vito duniani kutaja spineli yenye wekundu unaong'aa. Sanje, kijiji kilicho chini ya maporomoko ya Udzungwa, kimeacha jina lake kwa kima ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979. Jina lake la kisayansi, Cercocebus sanjei, limebeba kijiji kizima.

Ifakara nayo imesafiri kwa njia ya utafiti wa afya. Maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950 ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye vituo pia Dar es Salaam na Bagamoyo. Leo mtu aweza kusema bila kosa kwamba anafanya kazi Ifakara huku akiishi Bagamoyo. Katika majarida ya kisayansi kuna mtego wa mbu wa hema uitwao kwa jina la Ifakara, na kuna kizazi cha mbu wa Anopheles gambiae kinachofugwa maabara kwa jina hilo. Kwa baadhi ya wasomaji wa majarida hayo, Ifakara ni mbu kabla ya kuwa mji.

5. Etimolojia ya kukisia

Jina lisilo na maana dhahiri huwavuta watu walitafutie. Wageni wamezoea kusimulia kwamba Ifakara maana yake ni mahali pa kufia. Simulizi hii hupendwa kwa sababu bonde liliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoandamwa sana na malaria, na sikio la msemaji wa lugha yoyote ya Kibantu hulidaka upesi lile -fa- lililo katikati ya neno.

Lakini kufanana kwa silabi si ushahidi. Uchambuzi unaoeleza -fa- na kuiacha -kara bila kazi ni uchambuzi wa nusu ya neno. Kwa mtindo huo huo mtu angeweza kudai kwamba Ulanga imepewa jina kwa sababu ulanga kwa Kiswahili ni aina ya madini yang'aayo, au kwamba waanzilishi wa Mbingu waliona mbingu. Yawezekana dai kama hilo likawa kweli, lakini ukweli wake hutafutwa katika Kindamba, Kipogoro na lugha jirani, katika matamshi ya wazee na katika maandishi ya awali. Hautafutwi katika kamusi ya Kiswahili peke yake. Tena simulizi za namna hii si mchezo mtupu. Mji wa watu wanaozaliwa, kulima, kusoma na kuzeeka huendelea kutambulishwa ulimwenguni kama kaburi, kwa nguvu ya silabi moja.

6. Jina na mpaka

Athari kubwa zaidi ya jina lililoachwa tupu huonekana katika kumbukumbu na katika ardhi.

Katika maandishi mengi ya wakati wa Wajerumani na Waingereza, mto Kilombero uliitwa Ulanga. Wakati huo huo, Wilaya ya Ulanga ya enzi ya Waingereza ilienea pande zote mbili za mto, pamoja na Ifakara. Mwanafunzi wa leo anaposoma "Ulanga" katika maandishi ya miaka ya 1930 hana budi kuuliza kama ni mto, bonde au wilaya, tena wilaya ya mipaka ipi.

Sensa zinatoa somo lile lile. Sensa ya mwaka 2012 iliipa Wilaya ya Kilombero watu 407,880. Katika sensa ya mwaka 2022 eneo hilo linatajwa kwa halmashauri mbili, Mji wa Ifakara na Mlimba, kwa kuwa halmashauri ya wilaya ilikwisha kubadilishwa jina ikawa ya Mlimba, ingawa wilaya yenyewe ilibaki kuwa Kilombero. Mtafiti atakayelinganisha majina badala ya maeneo atadhani maelfu ya watu wamehama.

Kwa mkulima, jambo hili si la takwimu. Bonde la Kilombero liliandikishwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu ya Ramsar yenye karibu kilometa za mraba 8,000. Lilikuwapo pia Pori Tengefu la Kilombero, na baadaye Pori la Akiba Kilombero. Mipaka ya maeneo haya si mmoja, na masharti yake hayafanani: pori la akiba ni eneo la hifadhi lisiloruhusiwa kulimwa, ilhali katika bonde vijiji vimelima mpunga kwa vizazi. Taarifa isemayo tu kwamba kilimo "Kilombero" kimepigwa marufuku humwacha mwenye shamba bila jibu. Neno moja, "pori" au "bonde", ndilo linalotenganisha anayelima kwa haki na anayeitwa mvamizi.

7. Hitimisho

Mwaka 2018 daraja lilifunguliwa juu ya mto Kilombero, miaka miwili baada ya ajali ya kivuko ya Januari 2016, nalo likaitwa Daraja la Magufuli. Mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, katika Ziwa Victoria, lilifunguliwa likiwa na jina la kiongozi huyo huyo. Tayari anayesema "Daraja la Magufuli" hulazimika kuongeza mahali. Kivukoni nayo imebaki Kivukoni, ingawa sasa watu huvuka mto kwa miguu na kwa magari. Hivyo ndivyo majina yanavyoenenda: hurithiwa, hugawanywa, na hudumu kuliko vitu vilivyoyazaa.

Kazi ya mwanaisimu si kuyazuia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kamusi, atlasi na hifadhidata za Kiswahili zinaandika kile ambacho wasemaji hukitamka: kila jina la mahali liandikwe pamoja na nomino yake ya jumla, ngeli yake ya upatanisho, nyongeza yake ya kulitofautisha, na tarehe ya mipaka inayohusika. Muuza mchele wa Ifakara hutofautisha Kilombero upi na Kilombero ipi kwa silabi moja. Maandishi ya wasomi hayapaswi kuwa maskini kuliko usemi wa sokoni.