Nyota na marakuja ndani ya lupango mmoja

Butembo, mji wa Kivu ya Kaskazini, iko karibu kabisa na ikweta, juu ya vilima vyenye kimo cha zaidi ya meta 1,700, na kwa anayependa kupiga picha za usiku hiyo ni neema kubwa. Karibu anga lote hupita juu ya mji kadiri mwaka unavyozunguka. Msalaba wa Kusini, ambao watu wa Ulaya hawauoni, tunao. Nyota za Dubu Mkubwa, ambazo hazionekani kusini kabisa mwa Argentina, tunazo pia. Na zile nyota tatu za Jabari zilizojipanga mstari mmoja hupita utosini kabisa, hata shingo inauma kuzitazama.

Halafu kuna giza. Kwa miaka mingi mji huu wa wafanyabiashara uliishi kwa jenereta na paneli za jua, na hata leo mitaa mingi ikifika saa nne za usiku huwa haina taa ya nje. Wageni huliita hilo shida, na kwa mtoto anayesoma shida ni kweli. Lakini Juni na Julai, mvua inapopumzika, Njia Nyeupe inakatiza juu ya mabati ya nyumba, na sehemu yake nene, upande wa makundi ya Mshale na Nge, hupanda juu kabisa karibu saa tano za usiku. Wakazi wa miji mikubwa ya Ulaya husafiri mbali kutafuta anga kama hilo. Sisi tunatoka tu mlangoni.

Vifaa si vya kutisha. Simu nyingi za siku hizi zina hali ya usiku inayoacha jicho la kamera wazi kwa sekunde kadhaa. Iegemeze kwenye tofali, weka saa ya kuchelewesha ili kidole kisiitikise, kisha usiiguse tena. Mwenye kamera hasa, na hapa zipo nyingi zilizokwisha kutumika ambazo hufika na mizigo ya wafanyabiashara wanaokwenda Dubai, anaweza kufanya jambo lililo zuri zaidi: apige picha moja baada ya nyingine kwa saa nzima kisha aziunganishe. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, na mwendo huo huonekana kama michirizi ya mwanga. Ukielekeza kamera mashariki, kwetu michirizi hupanda wima, kwa sababu ikweta huzichomoza nyota moja kwa moja juu. Ukiigeuza kaskazini unapata nusu duara, maana ncha ya anga iko chini kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima vya mikaratusi. Hakuna mahali mbali na ikweta ambapo picha hizo mbili hutoka hivyo.

Nasema lupango, yaani ua wa nyumba, kwa sababu ndipo tunapopigia. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameandama vijiji vya Beni, na tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri zimekuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtu anayesimama kilimani usiku na kamera juu ya miguu mitatu hutiliwa shaka, na wanaomtilia shaka wana sababu. Kwa hiyo anayependa nyota hubaki ndani ya ua wake, na anga analoliona humo ni lilelile. Ninaushikilia upigaji huu wa picha kwa nguvu, kwa sababu ulimwengu umetujua kwa picha za aina mbili tu: za maiti, na za watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliotunyang'anya watu zaidi ya 2,200. Picha zile ni za kweli, na zilipaswa kupigwa. Ila nyingi zilipigwa na watu waliokuja kwa ajili ya msiba. Aliyebaki hapa ana haki ya kupiga kabichi yenye umande.

Au ua la marakuja. Ile aina ya matunda ya zambarau, inayopenda baridi ya huku kwetu, hufungua maua alfajiri na kuyafunga karibu na adhuhuri, kwa hiyo hakuna kuchelewa. Sogeza simu hadi karibu na kikomo chake, jua likiwa bado chini. Kwanza utaona nyuzi zilizojikunja kunja, zambarau shinani na nyeupe nchani, zimezunguka kama miale. Katikati kuna vifuko vitano vya chavua, na juu yake vijiti vitatu vinavyopokea chavua. Ukirudi baada ya muda utakuta vile vijiti vitatu vimeinama kuvielekea vile vitano. Ukipiga kila baada ya nusu saa bila kuhamisha simu, utayaona maungo ya ua yakitembea. Kisha anaingia nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao za paa, na mgongo wake unafagia chavua. Hapo ndipo tunda linapoanzia.

Jirani mmoja aliwahi kunikuta nimepiga magoti hapo.

"Papa, unapiga foto ya nini? Hapo kuko majani tu."

"Njoo uone, Mama."

Aliitazama simu kwa muda mrefu. Kesho yake akaniita kwake nimpigie vitunguu vyake.

Beni, kilomita 50 na kitu kaskazini, ina furaha nyingine: mlima. Ruwenzori iko mashariki, na kilele cha Margherita, chenye meta 5,109, hakizidi kilomita 50 kutoka mjini kwa mstari ulionyooka. Mawingu huificha siku nyingi. Asubuhi baada ya mvua ya usiku huwa inajitokeza, nyeusi kwanza, kwa kuwa jua linachomozea nyuma yake, na muda si mrefu pazia hufungwa tena. Mwitaliano Vittorio Sella alipambana na mawingu hayohayo mwaka 1906, alipofuatana na Duke wa Abruzzi kutokea upande wa Uganda, kamera zake nzito zikiwa mabegani mwa wapagazi. Wakati ule barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Leo haifiki hata moja, na picha za Sella ni miongoni mwa vielelezo ambavyo wataalamu huvitumia kulinganisha.

Simu ya Beni haiwezi kupima barafu kwa umbali huo. Inachoweza ni kupiga mlima uleule kutoka dirisha lilelile, kila mwezi, na kuhifadhi tarehe. Vivyo hivyo kwa mteremko wa Butembo ulio mbele ya mlango wako: mwaka huu una mikaratusi, mwaka kesho huenda ukawa na nyumba. Chagua sehemu moja, weka alama ya rangi ukutani pale unapoegemezea simu, na andika mahali na siku katika jina la kila picha. Kisha zihifadhi mahali pengine zaidi ya simu, kwa sababu simu huibiwa.